Mwenye Meko

Kila anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha hapa Singida mjini anakuja kuniuliza mimi. Sijui nani kawaambia kwamba mimi ni mwalimu. Wanakuja na maswali yaleyale. Nichukue mpangaji mwenye familia au kapera? Choo kikijaa nani anatoa hela ya kuchimba kingine? Ndugu yangu akitaka chumba nimkatalie vipi? Nawajibu. Kapera analipa vizuri lakini anavunja vitasa. Choo ni mzigo wa mwenye nyumba, usijidanganye. Ndugu mpe chakula ashibe, chumba usimpe. Na mpangaji akifuga kuku uani usikubali mayai yake hata siku moja, maana ukishayala huwezi kumwambia kitu tena.

Wakishashiba majibu wanasema, mama Stumai, twende basi ukakione kiwanja changu, si mbali, ni hapo tu njia ya Ihanja. Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Nawaambia siendi. Wengine wananuna, wanasema yule mama ana maringo, vyumba vyenyewe vitano vya matofali ya udongo na anajiona. Waseme. Siendi kwa sababu siwezi, na leo nitasema kwa nini. Mkinicheka shauri yenu.

Mimi ni Mnyiramba wa Kinampanda. Mume wangu Melkizedeki alikufa kwa homa tukiwa hatujapata mtoto, na kaka yake mkubwa, Naftali, hakungoja hata kaburi likauke. Alikaa mlangoni kwangu, akatoa kopo lake la ugoro, akavuta, akapiga chafya, ndipo akasema, "Shemeji, wewe ni mke wetu. Utakaa kwangu." Maana yake ilikuwa nilime shamba lake, nimpikie mkewe, na nilale stoo pamoja na majembe. Nilikaa hivyo msimu mmoja. Kila asubuhi nilikuwa naamka nimekunja ngumi.

Marehemu alikuwa ameniachia mizinga ya asali, na hiyo Naftali hakuijua kwa sababu ilikuwa porini. Niliuza asali, nikauza na mbuzi wa mama yangu kwa ridhaa yake, nikaja mjini nikaomba kiwanja nikapewa. Ulikuwa mwaka uleule serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha ya matajiri, na redio haikuwa na neno lingine ila mirija ya wanyonyaji na makabaila. Niliogopa, nikamuuliza Pradeep, aliyekuwa ananiuzia bati na saruji, kama na mimi nitanyang'anywa. Alinitazama juu ya miwani. "Nyumba yako ndogo mno, Stumai," alisema. "Serikali haitajisumbua. Wewe ogopa chumba kitupu. Chumba kitupu unakilisha wewe." Nilicheka. Sikujua kama atakuwa amesema kweli kiasi kile.

Naftali alipopata habari alipanda basi akanifuata. Alizunguka kiwanja, akapiga teke matofali yangu, akavuta ugoro. Akasema, "Sawa. Nyumba ikikulisha, kaa. Isipokulisha, mavuno yakiisha nakuja na wazee, tunakurudisha nyumbani, na nyumba tutaiangalia sisi." Nikamwambia itanilisha. Nilisema kwa jeuri, maana nilijua nikirudi kwake sitatoka tena.

Sasa sikilizeni habari ya mafiga.

Fundi wangu alikuwa Antipasi, Mnyaturu, mtu wa maneno machache. Siku tulipochimba msingi wa chumba cha kona, sururu yake iligonga jiwe, akachimbua, likaonekana la pili na la tatu. Mawe matatu yamekaa pembe tatu, meusi kwa moshi, na katikati majivu. Palikuwa na tembe la watu hapo zamani, kabla ya mji kufika. Antipasi aliweka sururu chini. "Mama, haya ni meko ya mtu," alisema. "Tuyaache, tusogeze ukuta."

Kusogeza ukuta ilikuwa ni kukipunguza chumba, na hicho ndicho kilikuwa chumba changu kizuri, chenye dirisha la barabarani na jingine la uani. Na mawe ya kujazia sakafu yalikuwa hayajatosha. Nikamwambia, "Yatoe kwenye mstari, yote matatu uyapange katikati ya chumba chini ya sakafu, umwage zege juu. Mwenyewe ni Mnyaturu. Mtani wangu huyo, hana neno."

Kwa msiofahamu, Wanyaturu na sisi Wanyiramba ni watani. Mtani anaingia kwako mchana kweupe, anabeba kuku, anatoka anacheka, na wewe unacheka. Kuku atakaa naye mpaka mtu wa ukoo wenu aende kumkomboa kwa kitu kidogo, hata kwa ugoro wa kubana kwa vidole viwili, na hapo anarudishwa bila kinyongo. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini aliyechukuliwa lazima awepo, aone, aweze kuja kukomboa. Antipasi alikuwa Mnyaturu, basi nilimtania yeye nikadhani imetosha. Hakucheka. Alipanga mawe kama nilivyosema, akamwaga zege, akaomba ujira wake wa siku ile mapema akaenda zake.

Nyumba iliisha, wapangaji wakaja. Vyumba vyote vitano nilipangisha, mwenyewe nikalala kibanda cha jikoni, nikijiambia ni kwa muda tu. Chumba cha kona alichukua Leonidas, karani wa ghala la ushirika, kijana wa kupiga pasi hata leso. Nilijiona nimefika. Balozi wetu wa nyumba kumi akipita alikuwa ananisalimu, "Bi Kabaila, mirija inavuta?" Nilikuwa namjibu, "Inavuta, njoo nikuvute na wewe."

Siku moja Leonidas alinijia na sanduku lake mkononi. "Shikamoo mama. Nashukuru, tumeishi vizuri."

"Marahaba. Unahamishwa kazi?"

"Hapana. Si mwenye nyumba kanipa notisi."

Nikamwambia, "Mwenye nyumba ni mimi, Leonidas. Umelewa?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Yule mama anayekaa uani mchana," alisema. "Anayepepeta. Amesema anahitaji nafasi yake. Amesema vizuri, hakunitukana, kwa hiyo sikuona sababu ya kubishana." Akaniwekea ufunguo mkononi, akaondoka.

Nilidhani ni jirani mwenye wivu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikifoka, nani anapepeta uani kwangu, nani anafukuza watu wangu. Hakuna aliyenielewa. Nikakipangisha chumba kwa fundi cherehani na mkewe. Hawakukaa. Walikuja wote wawili, wapole, wananishukuru. "Mwenye nyumba anahitaji nafasi yake." Wakaja wengine, nao wakaondoka kwa maneno hayohayo, neno kwa neno. Kisha vyumba vya jirani vikaanza. Mpangaji anayegombana na wewe unajua la kumfanya. Hawa walikuwa wanaondoka wakiniombea heri, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza uso wa huyo mama. Wote walisema alikuwa amewapa mgongo.

Alibaki Dorika peke yake, muuguzi, mwanamke mwenye kichwa kigumu kunizidi mimi. Alikuwa analala mchana kwa sababu ya zamu zake. Nilimpenda kwa ubishi wake, na nilimtegemea, maana nyumba yenye mpangaji mmoja bado ni nyumba. Mavuno yalikuwa yameanza. Uwele ulikuwa unaingia sokoni, na mimi nilikuwa naisikia chafya ya Naftali kila basi la Kiomboi lilipofika.

Nilirudi kutoka kisimani saa za mchana, upepo wetu ule wa kipupwe unavuma, vumbi limejaa hewani. Nikamkuta Dorika amesimama katikati ya ua, amejifunga khanga, miguu peku. Alikuwa haangalii kitu.

"Amenipa na mimi," alisema. "Nilimbishia, mama Stumai. Nikamwambia mwenye nyumba namjua, mwenye nyumba yuko kisimani. Akasema, mwambie mtani wangu, nyumba ni yake, meko ni yangu. Mwambie amenichukulia mahali ambapo siwezi kufika kukomboa. Na mimi namchukulia."

Ndoo iliteleza kichwani, maji yakamwagika yote. Neno la mafiga sikuwahi kumwambia mtu, wala Dorika hakuwa mtu wa huku, alitoka Bukoba, utani wetu haujui. Nikamuuliza alikuwa amekaa wapi. Akanionyesha kwa kidevu, chini ya dirisha la chumba cha kona. Pale palikuwa na makapi ya uwele yamelala, hayapeperuki, na upepo wote ule.

Niliingia chumba cha kona. Kilikuwa kitupu kabisa, hata msumari wa kutundikia shati Leonidas alikuwa ameung'oa. Nikavua kandambili. Sakafu ilikuwa baridi, kipupwe kimeingia mpaka kwenye saruji, ila nilipofika katikati, wayo ulikutana na joto. Nikasogea, baridi. Nikasogea tena, joto. Mahali patatu, pembe tatu. Huko nje nikasikia ungo unapepeta, taratibu, wa mtu asiye na haraka. Dorika alikuwa chumbani kwake anafunga mizigo. Sikuthubutu kwenda dirishani. Nasema kweli, niliogopa mpaka meno yakauma.

Nikakaa palepale chini nikapiga hesabu yangu, na hesabu yangu ilikuwa fupi. Nikivunja sakafu, chumba kizuri kinageuka jiko, hakipangishiki. Nisipovunja, sina mpangaji, na Naftali yuko njiani. Nikamfuata Antipasi.

Hakuniuliza kitu. Alichukua mtaimbo akaja. Tulivunja saruji, tukatoa kifusi, mpaka tukayafikia. Antipasi aligusa figa la kwanza akaurudisha mkono haraka. Lilikuwa na moto, kama jiwe la meko yoyote baada ya chakula cha mchana. Tukayasimamisha palepale, pembe tatu kama yalivyokuwa mwanzoni. Antipasi alikataa ujira. Alisema, "Mimi huyo ni bibi yetu. Kusema naye ni kazi yako wewe mtani," akaondoka.

Niliwasha moto. Nikasonga ugali wa uwele, nikaweka na mlenda, nikaweka pembeni ya meko kwenye sahani yangu ya bati. Sauti haikutoka vizuri, lakini nilisema. "Mtani, mwizi ni mimi. Nilikuchukulia ukiwa hupo, huo si utani. Mawe yako haya. Huhitaji kukomboa. Nirudishie watu wangu." Kisha nikatoka nikafunga mlango, nikaenda sokoni nikazungukazunguka tu bila kununua kitu. Niliporudi sahani ilikuwa imeoshwa na imefunikwa kifudifudi juu ya figa. Maji yalikuwa bado yanachuruzika.

Dorika alifungua mizigo yake. Siku zilizofuata wakaanza kurudi. Leonidas alikuja amebeba sanduku lilelile, ana haya usoni. Alisema amekutana na mwenye nyumba njia ya Kindai, amempa mgongo, anatembea mbele yake, akamwambia nafasi ipo. Mwingine akaja, na mwingine. Chumba cha kona nikahamia mimi, nikawa nalala pembeni ya mafiga. Kodi ya vyumba vilivyobaki ilitosha chumvi na mafuta ya taa na kidogo ya kuweka. Nyumba ilikuwa inanilisha. Nilifurahi, siwafichi. Niliimba nikifagia.

Naftali alikuja mchana, na wazee wawili aliowaacha barabarani kwenye kivuli cha duka la Pradeep. Nilimwamkia shikamoo kama inavyotakiwa. Akazunguka, akaona khanga na suruali zimeanikwa kila mlango, akaona nyumba imejaa, na uso wake ukazidi kukasirika. "Nilisema isipokulisha," alisema. "Lakini ukoo umekaa. Mwanamke kula peke yake mjini ni aibu kwetu. Sanduku lako liko wapi?"

"Shemeji, tulikubaliana."

"Liko wapi?"

Akaona mlango wa chumba cha kona uko wazi, moshi unatoka, akaingia. Mimi nilibaki uani. Nilisikia sanduku linaburutwa. Kisha halikuburutwa tena. Nikasikia ungo. Safari hii ulikuwa unapepeta ndani.

Naftali alitoka kinyumenyume. Mikono ilikuwa mitupu, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Hakuniangalia mimi, alikuwa anaangalia mlango. "Kuna mama humo," alisema.

"Amesemaje?"

"Amesema wewe huondoki." Akarudi hatua nyingine nyuma. "Amesema, huyu nimemchukua mimi. Anayemtaka aje amkomboe."

Moyo wangu ulipiga kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha. Nilisikia neno la huondoki tu, nikaona Naftali ameshindwa, nikatamani Melkizedeki angekuwepo aone. Naftali alikuwa anashika mifuko yake, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu bila kujua anatafuta nini. Akashika mfuko wa koti, mkono ukatulia pale. Halafu akageuka akatoka mbio, mtu mzima yule, akawapita wazee wake bila kusimama. Hakurudi tena.

Watu wakaniambia hongera. Balozi alisema hata makabaila wana malaika wao. Nililala usingizi mzuri, mgongo kwenye joto la mafiga.

Masika yalipokaribia nililetewa habari kwamba mama yangu ni mgonjwa, ananiulizia. Nilifunga khanga na sukari, nikamwachia Dorika funguo, nikaenda stendi, nikakata tiketi, nikapanda basi la Kiomboi. Nilikaa dirishani. Nakumbuka basi lilivyounguruma, nakumbuka mawe makubwa ya mwisho wa mji yanakuja. Kisha nikasikia moshi machoni. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mafiga, nakoroga, tiketi imekunjwa mkononi. Dorika alisimama mlangoni ananiangalia. "Umeingia unatembea," alisema. "Nimekusalimu, hukuitika. Umepita ukachukua ungo."

Nilijaribu tena. Nilijaribu kwa miguu, nilijaribu kwa lori la vitunguu, Leonidas amenishika mkono. Leonidas alisema mkono wangu ulikuwa ndani ya wake, halafu wake ukawa mtupu. Nikamtumia mama ujumbe aje yeye kwangu, kwa sababu yeye ni mtu wa kwetu, angeweza kunikomboa, na alikuwa anaujua utani vizuri. Alianza safari. Alifia njiani, nyumba ya watu, na amezikwa huko, na kaburi lake sijaliona. Nililia nimeegemea figa, na figa lilikuwa la moto, na nilikuwa sina mahali pengine pa kuegemea.

Nilitaka nisiondolewe hapa. Basi sikuondolewa.

Hanitesi, msimfikirie vibaya. Sahani yake anaiosha. Wapangaji wangu wanakaa miaka, hakuna chumba kitupu, na wageni wakifika mchana wanaambiwa bei na mama aliyeko uani kabla mimi sijatoka. Zamani nilikuwa nauliza alikuwa amevaa nini. Siku hizi siulizi, kwa sababu mara nyingine ungo uko mikononi mwangu na sikumbuki kuuchukua, na nimewapa mgongo.

Kwa hiyo kiwanja chako siji kukiona, usinune. Lakini na mimi nina swali moja, na kila anayekuja namuuliza. Wewe kwenu ni wapi? Ukipita Kinampanda, ulizia mzee Naftali. Mwambie mimi simdai chochote, wala sina hasira naye tena. Mwambie aje mara moja tu, mchana, asimame mlangoni. Afungue lile kopo lake lililokuwa mfukoni siku ile, achukue ugoro wa vidole viwili, aseme nimekuja kumchukua mtu wetu. Hakuna kingine kilichotakiwa.